Sahani Iliyorudi Tupu

Niliacha skuli nikiwa Kidato cha Pili. Hakuna aliyenifukuza, miguu yangu tu haikupenda benchi. Tangu hapo nimepaka rangi mahoteli ya Nungwi, nimeshika randa kwa fundi wa milango mpaka akachoka na maswali yangu, nimepeleka wageni kwenye pango la Mangapwani nikiwasimulia mambo ambayo mengine niliyajua asubuhi ile ile. Mwaka ninaoukumbuka hapa nilikuwa nafua mashuka katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, na nikikaa kwa shangazi yangu Michenzani, ghorofa ya tatu katika moja ya yale majumba marefu.

Wageni husahau vitu: miwani, chaja, kiatu kimoja. Siku moja nikaokota chini ya kitanda kitabu cha Kiingereza kinene kama tofali, kina ramani ya nchi isiyokuwepo. Kilikuwa cha kwanza katika mfuatano wa vitabu saba vya falme, minara, wafalme wanaouana, na uchawi. Nilikisoma juu ya paa, baina ya mashuka niliyoyaanika, simu mkononi kwa ajili ya maneno nisiyoyajua. Nilipokimaliza nikazunguka nyumba za wageni za Kiponda na Shangani nikiwauliza wafagiaji wenzangu kama wameokota vyengine. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa navyo sita. Cha saba mwandishi alikuwa bado hajakitoa.

Ndipo nilipogundua kwamba kuna watu dunia nzima ambao kazi yao ni kubahatisha mwisho wa hadithi ile. Wanaandika kurasa na kurasa kwenye mtandao, wanagombana, wanatukanana. Suala lao kubwa lilikuwa moja. Katika vitabu vile vijana wenye nguvu hunyauka ghafla. Mtu anaamka na mvi, wiki haijaisha anatembelea fimbo. Nani anawala? Wako waliosema nyota, wako waliosema damu ya kifalme, wako waliosema ni majina ya kale yanayotajwa vibaya.

Mimi nilimshuku mtu ambaye hakuna aliyemtilia maanani: mwanamke mtunza funguo wa mnara, mtu mzima, mpole, ambaye kila anapotokea ana chakula mkononi. Nilirudi nikasoma upya sehemu zake zote, penseli sikioni. Askari aliyekula mkate wake akampa kitambaa, akaishi. Malkia alirudisha bakuli limejaa maua, akaishi. Mwana wa mfalme alikula tini zake akapanda farasi akaenda zake, na siku ya saba nywele zilikuwa nyeupe. Nilihesabu mara tano. Anayekula asirudishe kitu, ndiye anayeliwa.

Wazungu hawakuliona hilo kwa sababu wao wakiletewa chakula na jirani huosha sahani, wakashukuru, yakaisha. Kwetu sahani hairudi tupu. Ukiletewa boflo la nazi utarudisha sahani na ndimu mbili, na kama huna ndimu utatia sukari, na kama huna sukari utakaa nayo mpaka upate. Hakuna anayefundishwa, unazaliwa unaikuta. Niliona kwamba mimi, mfua mashuka, nimekifungua kitasa ambacho kimewashinda wasomi, na kichwa kikanivimba.

Nilikuwa na kundi dogo kwenye simu, watu tuliokuwa tukibadilishana vitabu vile. Wawili ndio waliokuwa wakisema sana. Mmoja alikuwa msichana anayesoma chuo Tunguu, mkali, kila ukisema jambo anataka ukurasa. Mwengine alikuwa Mtumbatu anayeuza samaki sokoni, mcheshi kupita kiasi. Jumanne moja, nikiwa napumzika juu ya paa, nikawatumia nadharia yangu kwa sauti, vipande vitatu. Cha kwanza nilieleza vitabu na kurasa. Cha pili nilitaka waone jambo lenyewe kwa macho, nikatoa mfano.

Mfano wangu ulikuwa Bibi wa ghorofa ya nne.

Kila mtu katika jumba letu alimjua. Mjane, kwao Mangapwani, katika ukoo wa Kimanga, Waarabu wa Omani, uliokuwa na minazi zamani. Aliishi peke yake, na kila Alhamisi baada ya alasiri alipika mkate wa kumimina, akaukata, akautia kwenye sahani zake za maua ya buluu, akazifunika kwa kawa, akateremka ngazi akigawa mlango kwa mlango kumrehemu mumewe. Mimi nikasema kwenye simu, kwa sauti niliyoipamba: "Mchukulieni Bibi yetu wa ghorofa ya nne. Mpole, hana neno na mtu. Kila Alhamisi sahani. Unakula, unasahau kurudisha kitu. Siku ya saba mwili unaanza kuisha. Tazameni watoto wa ngazi hii wanavyoumwa homa, kisha mtazameni yeye, miaka yote hiyo anapanda ghorofa nne bila ya kuhema."

Kipande cha tatu kilisema kwamba huo ni mfano tu, na kwamba Bibi mwenyewe ni mtu wa kheri. Lakini bando liliniishia, na kile cha tatu kiliondoka baadaye nilipopata bando jengine. Mtumbatu alikuwa ameshacheka na kile cha pili, na ameshampelekea dada yake.

Dada yake alikaa ghorofa ya pili katika jumba letu hilo hilo. Mwanawe wa kike alikuwa na homa inayokwenda na kurudi. Kakaake alitaka kumchangamsha.

Alhamisi ya wiki ile niliporudi kazini nikakutana na Bibi kwenye ngazi, kanga imejaa vitu.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Njoo nishikie hii, mikono imenishinda." Akanipa sahani tatu. Moja ilikuwa na mayai sita, nyengine unga, nyengine sukari mpaka inamwagika. "Watu wamekuwa na imani mwaka huu," akasema. "Yule wa ghorofa ya pili kanirudishia sahani tatu kwa mpigo. Nilidhani zimeshavunjika."

Nilicheka naye. Sikujua bado. Nilimbebea mpaka juu, akanipa kipande cha mkate, nikala nikiwa nimesimama mlangoni, nikateremka.

Alhamisi iliyofuata milango haikufunguliwa. Nilimsikia mwenyewe, nikiwa ndani kwa shangazi: hodi, kimya, hodi, kimya, kisha viatu vyake vikiteremka kwenye ghorofa yetu, hodi, kimya. Redio za watu zilikuwa zinasikika ndani. Kwetu alipofika, shangazi alinishika mkono nisiinuke.

"Kwani vipi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Kaa kitako. Wewe huna habari ya dunia. Kuna sauti inatembea kwenye masimu."

Akanisikilizisha. Ilikuwa imepitia mikono mingi mpaka inakwaruza kama inatoka ndani ya kopo, na shangazi yangu, aliyenilea, hakunitambua. Mimi nilijitambua kwa neno la kwanza. Huko nje Bibi aligonga mara ya tatu, akangoja, akaondoka.

Siku mbili baadaye ngazi nzima ilinuka mvuje. Asiyeujua mvuje, ni utomvu unaochomwa kufukuza mashetani, na harufu yake haitoki kwenye nguo. Ulichomwa ghorofa ya pili, kisha ya kwanza, kisha mtu akaupaka kwenye kizingiti cha Bibi. Nilimkuta amechutama na kitambaa na ndoo, anasugua.

"Paka kafia wapi humu?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nikamchukulia ndoo nikasugua mimi.

Kwenye kundi letu nikaandika kila nilichokijua. Msichana wa Tunguu alijibu kwa mstari mmoja: "Umemfanya nini mama wa watu?" Mtumbatu akanipigia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, au alikuwa nao kidogo tu.

"Nshamwambia dada yangu ni habari ya kitabu. Hasikii. Anasema na mie nshalishwa. Sie Watumbatu tunasingiziwa uchawi wa kisiwa kizima, leo tumepata wa kutupokea mzigo na bado nnalaumiwa."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Nenda. Lakini usimwambie umewahi kula mkate wa Bibi. Utakuwa umejimaliza."

Nilikwenda. Yule mama alifungua mlango nusu, mtoto begani, amelala, shingo imelowa jasho. Nikamwambia kwamba sauti ile ni yangu. Nikamwonyesha kitabu, nikamfungulia ukurasa wa mtunza funguo, nikamsomea na kumfasiria hapo hapo kwenye ngazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliyasema mwenyewe," akasema, "na sasa unayakataa mwenyewe."

"Nilikuwa natoa mfano."

"Ulikula kwake?"

Niliwahi kusema uongo mwingi maishani, lakini siku ile ulimi ulikuwa mzito. "Nimekula."

"Basi si wewe unayesema. Rudi kwa shangazio, mwanangu, akusomee."

Nikabaki na kitabu mkononi mbele ya mlango uliofungwa. Hivyo ndivyo zilivyokuwa nadharia zote nilizozisoma kwenye mtandao: ukileta hoja ya kuzivunja, hoja hiyo hiyo inageuzwa kuwa ushahidi. Nilikuwa nikiwacheka watu wale.

Jumatatu nikasikia kwamba wazee wa jumba wamempigia simu mpwa wake Bibi, aje amchukue akakae Mangapwani. Walisema ni kwa usalama wake. Mpwa alisema atakuja Ijumaa ya wiki ya pili yake. Bibi aliingia katika jumba lile bi harusi, saruji bado inanuka, na alikuwa amesema mara nyingi kwamba atatoka kwa jeneza tu. Sasa angetoka kwa gari, na kanga zake ndani ya mfuko, na kila mtu dirishani.

Nilirudi ghorofa ya pili. Safari hii majirani wawili walikuwepo, wakipepeta mchele ukumbini kwa yule mama. Nikawauliza nifanye nini waamini.

"Kula," yule mama akasema.

"Nshakula, nimekwambia."

"Ulikula ukambebea sahani ukasugua na kizingiti. Umelipa. Kula mbele yetu, kisha sahani irudi tupu. Kavu. Tukuone Alhamisi ya pili."

Jirani mmoja akacheka. "Na mpwa anakuja Ijumaa. Atakuja na gari kubwa, awachukue wote wawili."

Nilikubali bila ya kufikiri, na ni kwenye ngazi tu, nikipanda, nilipoelewa nilichokubali. Kumrudishia mtu mzima sahani kavu si jambo dogo. Ni kumwambia kwamba hayupo. Na yule mmoja aliyebaki akisema naye nilikuwa mimi.

Alhamisi ikafika. Bibi alipika kama kawaida. Aliteremka na sahani moja tu, akanigongea mimi. Nikaipokea, nikateremka nayo ghorofa ya pili, nikala mkate wote mbele ya wanawake watatu walionitazama mdomo. Iliki ilinipalia. Kisha nikapanda na sahani mpaka ghorofa ya nne, na yule mama nyuma yangu ngazi chache, apate kuhakikisha.

Bibi alifungua, akaipokea sahani kwa mikono miwili kama anavyopokea siku zote, akaiinamisha kidogo, akatazama ndani. Akapitisha kidole.

"Hata chumvi?" akasema.

Nyuma yangu yule mama alikuwa anapumua. Bibi akaniangalia, akamwangalia yeye, akafunga mlango taratibu.

Kuanzia siku ile kila alasiri nilitakiwa kupita ngazini nionekane. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nilipanda nikipiga mluzi. Siku ya nne niliamka na baridi kwenye mifupa.

Nilijua ni mafua. Nyumba ya wageni nzima ilikuwa inapiga chafya, na mimi ndiye niliyeshika mashuka yao. Nilijua hivyo asubuhi. Ilipofika adhuhuri, mwili ukiwaka, nilikuwa sijui tena. Nikajitazama kwenye kioo cha chooni nikitafuta mvi. Nikaipata moja, juu ya sikio, nikaing'oa, nikajiuliza kama ilikuwepo. Nilikuwa nimejenga nadharia yangu vizuri mno. Kila ushahidi nilioupanga ulikuja ukakaa mbele yangu mmoja mmoja, na kurasa zake.

Nilimwandikia msichana wa Tunguu peke yake. Alikuja nyumba ya wageni na vidonge vya homa na chupa ya maji.

"Ukianguka ngazini umemuua," akasema. "Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na kama unaamini hata kidogo, utaanguka."

"Siamini."

"Mbona unatetemeka?"

"Homa."

Akanitazama kwa jicho lile la kutaka ukurasa. "Meza viwili kabla ya kupanda. Na usipige mluzi, utakohoa."

Siku ya tano nilipita nikijibu salamu kwa kichwa. Ya sita nilishika ukuta mahali pasipoonekana, pale ngazi inapokata kona, nikahesabu hadi thelathini, nikaendelea. Shangazi alihisi joto langu aliponipa chai, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani siku ile ndipo alipoitambua sauti.

Siku ya saba maji yalikatika katika jumba zima. Wanawake walikuwa wamepanga dumu zao chini, wakisubiri gari la maji. Lilipofika nikaona yule mama wa ghorofa ya pili anatafuta mtu wa kumpandishia. Majirani zake wote walikuwepo. Nikasema, "Lete." Nikachukua dumu mbili zilizojaa, moja kila mkono.

Ghorofa mbili si mbali. Lakini nimewahi kutembea kwa miguu kutoka Bububu mpaka mjini na sikuiona njia ndefu kama ile. Kwenye kona pale pangu nilitaka kuziweka chini na nikasikia wananifuata, kwa hiyo sikuziweka. Nilifika mlangoni kwake, nikaziteremsha ndani bila ya kumwaga, nikanyooka. Macho yaliingia giza kisha yakarudi.

"Unatoka jasho," akasema.

"Ngazi."

Akanyoosha mkono kama anataka kunigusa shingo, akausitisha. Mtoto wake alikuwa kitako mkekani, anakula embe, mashavu yamerudi. Alipata nafuu tangu juzi yake kwa dawa za hospitali. Mamaake alikuwa ameshasema ni mvuje. Nadhani yule mama alijua naumwa. Aliyeuguza mtoto wiki tatu anaijua homa akiiona. Pengine alikuwa amechoka kuogopa, au alikuwa anaona haya, sijui, sijawahi kumuuliza. Aliingia ndani akatoka na sahani ya maua ya buluu, moja iliyobaki kwake, ambayo hakuthubutu kuirudisha wala kuivunja. Ndani ametia maandazi manne.

"Mpelekee. Mwambie mtoto hajambo." Kisha, akiwageukia wenzake, "Mwambieni yule mpwa asisumbuke na gari. Siku saba zimekwisha, mtu kabeba dumu mbili."

Nilipanda. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, vyombo vyake vimeshafungwa ndani ya mashuka. Akaipokea sahani, akahesabu maandazi, akaiweka kando.

"Na yako?" akaniuliza. "Yako ilirudi kavu."

Nikapiga magoti nikaanza kumweleza. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mpwa wangu alinisikilizisha kwenye simu, zamani. Una sauti nzuri kwenye simu. Ila umesema sihemi. Nahema. Nasimama ghorofa ya tatu, mlangoni kwenu, hamnioni." Akainuka, akanishika paji la uso. "Na unaumwa. Nilisikia unavyopanda. Ulikuwa unapita tu, huingii kwangu mpaka nimwage machozi?"

Machozi hakumwaga. Alinipikia uji wa pilipili manga, akanitazama nikiunywa, na bakuli lake nikaliosha mwenyewe nikatia humo kitu pekee nilichokuwa nacho mfukoni, ile penseli. Akaitia nyuma ya sikio lake kama fundi.

Halafu akaniuliza: "Yule mwenzangu wa kitabuni, ndiye kweli?"

"Kitabu cha mwisho hakijatoka, Bi."

"Kikitoka uniambie."

Kilitoka mwaka wa pili yake, na mgeni mmoja akakisahau bafuni, kimelowa pembeni. Nilikisoma kwa siku tatu, juu ya paa. Nadharia yangu ilikuwa sahihi karibu neno kwa neno: mtunza funguo, chakula, siku saba, sahani isiyorudishwa. Kwenye mtandao watu walikuwa wanashangaa. Ningeweza kuwaonyesha kwamba nililisema kabla yao wote. Msichana wa Tunguu aliniandikia kuuliza, nikamwambia sijafika mwisho.

Alhamisi nilipanda ghorofa ya nne kumsaidia Bibi kuteremsha sahani. Alikuwa anakata mkate.

"Nimesikia kimetoka," akasema bila ya kuinua macho. "Vipi yule?"

"Hakuwa yeye, Bi."

Akaacha kukata, akanitazama. Kisha akafunika sahani kwa kawa, akanipa.

"Basi alikuwa yeye," akasema. "Peleka ghorofa ya pili, isipoe."